"Wilderness" si jangwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo limenikera kwa miaka mingi, mimi niliyeishi kwa kazi ya kufasiri. Katika makala za utalii na uhifadhi zinazofasiriwa kutoka Kiingereza, neno "wilderness" limezoeleka kugeuzwa "jangwa", hata pale mwandishi anapozungumzia nchi yenye mito, miti mirefu na tembo. Hivi karibuni nimesoma habari za "jangwa lenye misitu minene". Nikacheka kwanza, kisha nikaona heri niandike.

Asili ya neno hilo si ukame. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na neno "wild", yaani -a mwitu, na neno "deor", lililomaanisha mnyama yeyote. Wajerumani hadi leo humwita mnyama "Tier" na Waholanzi humwita "dier", ila Waingereza walizidi kulibana neno lao mpaka likabaki kuwa jina la ayala na jamaa zake tu. Maneno hayo mawili yalipounganishwa na kutiwa kiishio "-ness", ambacho kazi yake inakaribiana na ile ya "u-" katika utu na uzuri, likapatikana neno linalotaja mahali palipo pa wanyama wa mwitu. Mzizi wake, kwa hiyo, unatuambia nani yupo pale, na hausemi lolote kuhusu mchanga.

Jangwa, nadhani, tulilipata zaidi kwa njia ya Biblia. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walitumia "wilderness" mara nyingi mahali pa neno la Kiebrania "midbar", ambalo hutaja nchi kavu iliyo nje ya mashamba, wanakopeleka mifugo wachungaji. Wafasiri wetu wa Kiswahili nao walichagua mara "nyika", kama katika sauti ya mtu aliaye nyikani, na mara "jangwa", kama pale Musa alipoliongoza kundi la Yethro "nyuma ya jangwa". Nilipokuwa mtoto nilijiuliza kondoo wale walikula nini huko. Jibu ni kwamba walikula majani, kwa kuwa "midbar" ina malisho, na aliyezoea nyika zetu angelielewa hilo bila kufundishwa.

Maana nyingine ya "wilderness", ile ya mahali pasipo na watu, ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu siku hizi imepewa nguvu ya sheria. Mwaka 1964 Marekani ilipitisha sheria ya maeneo ya namna hiyo, ikianza na ekari zipatazo milioni 9.1, na ndani yake mwandishi wake mkuu, Howard Zahniser, aliandika kwamba huko mwanadamu ni mgeni asiyebaki. Alitumia pia neno "untrammeled", ambalo wengi, wakiwamo Waingereza wenyewe, hulisoma haraka wakadhani ni "isiyokanyagwa". La hasha: "trammel" ni wavu, na pia ni kamba ya kumfunga farasi miguu, kwa hiyo alichokusudia ni ardhi isiyotiwa kamba, iliyoachwa iende kwa mwendo wake. Ni picha nzuri, sibishi. Lakini Bonde la Yosemite huko California, Marekani, ambalo sehemu kubwa ya nchi inayolizunguka inalindwa leo kwa jina hilo la "wilderness", lilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee, waliotolewa kwa nguvu na wanamgambo mwaka 1851. Ugeni huo, basi, ulitanguliwa na kufukuzwa kwa wenyeji, na mfasiri anayeandika "ardhi ambayo haijawahi kukaliwa" anathibitisha jambo ambalo hata sheria yenyewe haikulisema.

Maneno yetu yana tabia nyingine. Pori ni mahali pasipo na makazi, naam, lakini ni mahali panapoendewa: mrina asali anakwenda porini, mganga anakwenda porini kuchimba dawa, na jioni wanarudi. Nyika nayo ilikuwa na watu kiasi kwamba watu wa pwani waliwaita majirani zao Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda, nao leo wanaitwa Wamijikenda.

Kwa maandishi ya kawaida, kwa hiyo, ningependekeza "pori", neno ambalo serikali ya Tanzania imekwisha kulizoea katika "pori la akiba", na penye nchi kavu ya nyasi na miiba litumike "nyika". Inapotajwa sheria ile ya Marekani, mfasiri asione uvivu kuongeza sentensi moja ya kueleza kwamba ni eneo ambalo barabara, magari na makazi ya kudumu yamekatazwa. Jangwa tuwaachie Sahara na Namib.

Wako,
Mfasiri mstaafu,
Morogoro