Stika ya Zaburi getini na buku mbili ya mjumbe

Mhariri, naomba kanafasi kadogo gazetini. Mi ni muuza samaki wa kukaanga huku Mbagala, saa kumi usiku niko njiani nafuata samaki Feri, kwa hiyo nikisema Mungu ananilinda siongei kwa kukariri, naongea kama mtu anayekatiza vichochoro gizani na mtaji kaufunga kwenye pindo la kanga.

Mtaani kwetu simu zimeanza kukwapuliwa tena. Nasema tena kwa sababu watu wa Dar hatujasahau Januari 2015, mitaa kibao ilifunga maduka jioni kisa Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, wanakuja, watu wanakimbia na wengine hata hawajui wanamkimbia nani. Halafu Septemba 2022 vijana wa mapanga wakawa wanaingia mpaka ndani, Kawe kule binti wa watu akauawa. Baada ya hapo kila geti likawa na stika ya Zaburi 91. Sicheki, hata kwangu ipo.

Sasa mwezi uliopita mjumbe kapita na daftari lake, kila nyumba buku mbili ya ulinzi shirikishi, vijana wanunuliwe tochi na filimbi. Jirani yangu akamjibu mjumbe, sisi tunalindwa na malaika. Wiki hiyohiyo kanunua mafuta ya upako chupa elfu kumi, nimemuona kwa macho yangu haya! Kwa hiyo malaika wanapokelea malipo kwa mtumishi tu, kwa mjumbe hawafiki?

Nehemia aliposikia maadui wanataka kuvuruga ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu aliomba, na hapohapo akaweka walinzi usiku na mchana, someni sura ya 4, hakuna aliyemwambia imani yako haba. Na hiyo Zaburi 91 tunayoibandika, shetani naye aliitumia alipomwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, eti malaika watamdaka. Yesu alikataa kujirusha.

Kuna mzee mmoja Muislamu, ndo anayefungua msikiti alfajiri. Siku moja alinikuta nimesimama naogopa kupita, akasema mwanangu twende, na tangu siku ile ananisubiri pale kona na tochi yake mpaka anifikishe kituoni. Nikimwambia baba Mungu atakulipa anacheka tu, ananisimulia habari ya yule mtu aliyemuuliza Mtume kuhusu ngamia wake, amuache hivihivi amtegemee Mungu? Akaambiwa mfunge kwanza, ndo utegemee.

Ila Mhariri kinachoninyima usingizi sio hiyo buku mbili. Hao vijana tunaoomba tukingwe nao, tunaomba kama vile wameshushwa na meli bandarini, kumbe ni wetu. Mmoja namjua tangu anavaa kaptula ya shule, jioni alikuwa anakuja kuomba vichwa vya samaki nampa, shule akaacha, mama yake anaamka usiku kama mimi anatafuta, na hakuna hata mmoja kwenye jumuiya yetu aliyewahi kuuliza yule mtoto siku hizi anashinda wapi. Kwenye mkesha tuliomba waporaji wapigwe upofu, na mimi niliitikia amina kwa sauti kubwa tu.

Juzi kati yule mtoto wamemkamata na simu ya mtu. Watu walishaleta tairi na petroli, Mhariri. Aliyesimama katikati akagoma kutoka mpaka polisi wanafika ni mzee wangu wa tochi, peke yake na kanzu yake. Mi nilikuwa ndani, nimefunga mlango kwa komeo, napiga magoti namuomba Mungu anilinde.

Hela ya mjumbe nimeshatoa, ya miezi mitatu kabisa. Kwa mama wa yule kijana sijaenda mpaka leo, naona aibu sijui nitaanzia wapi.

Muuza samaki, Mbagala, Dar es Salaam