Swahiba, usiwashe jukwaa kabla hatujaipata erthi

Kampala

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na unifikishie salamu kwa mama watoto na kwa wazee wote hapo Arua. Huku tu wazima, Alhamdulillahi. Ujumbe wako nimeupata, na kabla ya mengine yote nakuomba jukwaa lile lisiwashwe tena mpaka umalize kusoma barua hii. Umeandika kwamba vijana wakishika trasi (ile fremu ya chuma inayobeba taa) mikono inawasha kidogo, kisha ukaendelea na habari za spika. Mimi sikuweza kuendelea. Chuma kikiwasha mikono, umeme umeshafika kwenye chuma. Leo uwanja ni mkavu na viatu ni vikavu, kwa hiyo mwilini unapita kidogo tu. Mvua ikinyesha, mtu yule yule akishika trasi ile ile anaweza kushindwa kuiachia.

Wala usitegemee saketi breka. Taa moja ya PAR (ile ya jukwaa yenye kopo la bati) ya wati 1,000 kwenye volti 240 inakula ampea nne na ushee, na breka haijali hata kidogo. Mtu hahitaji kiasi hicho. Sehemu ndogo sana ya ampea moja ikipita kifuani inaweza kuvuruga moyo. Breka na fyuzi kazi yake ni kulinda waya usiungue. Anayemlinda binadamu ni erthi nzima, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, pamoja na RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja.

Sasa tuutafute huo umeme unaovuja. Mimi nashuku zile taa ulizosema zimekuja bila plagi, vijana wakachomeka nyaya tupu kwenye ekstensheni na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Najua wanavyofanya: wa kahawia (laivu, unaoleta umeme) na wa bluu (nyutro, unaourudisha) wanaingia, ule wa kijani na njano, ndio erthi, unakunjwa pembeni kwa kuwa taa inawaka hata bila huo. Inawaka, ndiyo. Lakini joto la PAR hukausha ngozi ya waya pale unapoingilia kwenye kopo, inapasuka, laivu inagusa bati. Kama erthi ingekuwepo, breka ingeruka papo hapo. Kwa kuwa haipo, bati linakaa na umeme, klampu inaupitisha kwenye trasi, na trasi inamngoja kijana wako.

Zima jenereta, chomoa kila kitu, ushughulikie taa moja moja. Fungua pale waya unapoingia, uangalie kwa macho: ngozi iliyogeuka ngumu na ya hudhurungi ikatwe mpaka ufike penye uzima, na penye joto utumie waya wa kuvumilia joto. Funga plagi ya miguu mitatu kwenye kila taa. Kisha chukua mita, uiweke kwenye omu, upime kutoka mguu mrefu wa plagi hadi bati la taa. Isome karibu na sifuri. Kutoka laivu hadi bati isisome sifuri, ionyeshe kwamba hakuna njia kabisa. Mita ya kawaida husukuma volti chache tu, basi taa inayokutia shaka ipelekwe kwa fundi mwenye mega (kipimo cha uzima wa ngozi ya waya) ya volti 500. Zile za LED aunganishe laivu na nyutro pamoja, apime dhidi ya erthi, asije akaua vifaa vya ndani. Na ile testa ya bisibisi iweke mfukoni. Kwenye jua huoni kama kitaa chake kimewaka, na kutowaka kwake si ushahidi kwamba waya hauna umeme.

Jenereta nalo lina neno lake. Kama nyutro yake haijaunganishwa na erthi, RCD inaweza isiruke hata mtu akipigwa, maana umeme unaovuja hauna njia ya kurudi. Kazi hiyo msiibahatishe. Mtafute fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, apige fimbo ya erthi ardhini, aunge nyutro mahali pamoja tu, afunge erthi kwenye trasi yenyewe pia. Kwa kuwa jenereta lenu ni la fezi tatu, awakazie hasa skrubu ya nyutro. Ikilegea, utaona taa za upande huu zinang'aa kupita kiasi na za upande ule zinafifia. Ukiona hivyo zima mara moja, usingoje wimbo uishe, kwa sababu volti inaweza kupanda kuelekea 415 na mikseri itaungua kwanza.

Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu ikunjueni yote. Ikibaki imezungushwa inapika waya wake wenyewe. Soketi moja ya ampea 13 isibebe zaidi ya PAR mbili za wati 1,000. Kila taa iwe na mnyororo wake wa usalama mbali na klampu.

Kuhusu LED zinazochezacheza zenyewe, hilo ni jepesi. Nyaya za DMX (zinazopeleka amri kwenye taa) mmezilaza pamoja na nyaya za umeme, na nadhani mmetumia waya za maikrofoni. Zitenganishe, mtumie waya wa DMX, mstari mmoja usizidi taa 32, na kwenye taa ya mwisho uweke plagi yenye rezista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3.

Waambie pia vijana: mwenzao akinaswa, wasimshike. Mmoja akimbilie swichi ya jenereta, ndipo wamguse, na hospitali aende hata akisema yuko sawa.

Nipigie picha ya sanduku la kugawia umeme likiwa wazi, jenereta limezimwa, na ya kibati cha jenereta chenye namba. Zitume leo jioni ikiwezekana, nikae na fundi mmoja hapa tuzitazame kabla hamjafunga taa upya.

Ni mimi rafiki yako.