Mkataba wa tovuti utaje nani atasasisha programu jalizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye tovuti ndogo ndogo za hapa Mwanza, yaani shule binafsi, hoteli, makanisa, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa samaki, pamoja na vijana wanaowatengenezea tovuti hizo. Ninachoomba ni kwamba makubaliano ya kujenga tovuti yataje wazi nani atakayekuwa akisasisha programu jalizi (plugin), yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye tovuti ili kuipa kazi zaidi, baada ya kazi kukabidhiwa, na atalipwa kiasi gani.

Nyingi ya tovuti hizi huendeshwa na WordPress, mfumo wa bure uliotoka mwaka 2003 na ambao leo unabeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Fomu ya maombi ya shule, picha zinazopishana juu ya ukurasa, duka na malipo, vyote hivyo kwa kawaida huongezwa kwa programu jalizi, na kila moja ina watunzi wake na kasoro zake. Kasoro ya kiusalama ikigundulika, watunzi hutoa toleo jipya la kuiziba. Lakini toleo hilo likishatoka, wadukuzi nao hulisoma wakajua tundu lilikuwa wapi, kisha huachia programu zao zipite tovuti moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikitafuta aliyebaki na toleo la zamani. Septemba 2020 iligundulika kwamba programu jalizi iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilimruhusu mtu yeyote kupakia mafaili yake kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, bila nenosiri. Toleo la 6.9 liliziba tundu hilo mara moja, na bado kwa siku kadhaa tovuti nyingi mno ziliendelea kujaribiwa, zikiwamo ambazo hazikuwa na programu hiyo kabisa. Kwa hiyo anayeuliza nani atahangaika na tovuti ya muuza dagaa, ajue kwamba wadukuzi hawachagui tovuti.

Hivi karibuni nilionyeshwa tovuti ya mfanyabiashara mmoja wa dagaa na mabondo pale Mwaloni, Kirumba. Mwenyewe akiandika anwani kwenye simu yake anaona picha za mali yake kama kawaida, hivyo hakuwa na wasiwasi wowote. Mteja akiitafuta kupitia Google, jina la biashara linatokea likifuatiwa na maandishi ya Kijapani, na akibonyeza anajikuta kwenye duka la viatu asilolijua. Wadukuzi hufanya hivyo makusudi ili mwenye mali achelewe kugundua. Ndani ya dashibodi, yaani ukurasa wa kusimamia tovuti, kando ya neno la programu jalizi, kulikuwa na kiduara chekundu chenye tarakimu, nacho hueleza ni ngapi zinasubiri kusasishwa. Hakuna aliyekuwa amekibonyeza tangu fundi alipolipwa.

Mafundi wana utetezi wao, kwamba kusasisha huweza kuvuruga tovuti iliyokuwa ikifanya kazi vizuri. Ni kweli hutokea. Lakini mwenye mtumbwi hapa ziwani haachi kuutia kalafati kwa kuogopa kugusa mbao. Kwanza ichukuliwe nakala rudufu ya mafaili na ya hifadhidata, itunzwe nje ya seva hiyo. Kisha programu zisasishwe moja moja, na kila mara kurasa zikaguliwe, ili kitu kikiharibika ijulikane kimeharibiwa na ipi. Tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, WordPress inakuruhusu kuwasha usasishaji wa kujiendesha kwa kila programu jalizi, na kwa tovuti isiyo na duka mimi naona ni heri kuuwasha kuliko kumsubiri mtu asiyekuwapo. Zisizotumika zifutwe kabisa. Kuzizima tu hakutoshi, kwa kuwa mafaili yake hubaki kwenye seva.

Lisilo na utetezi ni tabia ya kupakua programu jalizi za kulipia zilizovunjwa leseni na kumtoza mteja kana kwamba zimenunuliwa. Hizo hazipokei matoleo mapya kwa njia ya kawaida, na mara nyingi huwa zimefichwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mdukuzi kuingilia, tangu siku ya kwanza. Mteja ana haki ya kuonyeshwa risiti ya leseni.

Kwa shule jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu fomu zao hukusanya majina ya watoto na namba za simu za wazazi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Fundi aliyehamia Dodoma hatajibu kwa niaba ya shule. Wakuu wa shule wanaojiandaa kujengewa tovuti wadai kipengele hicho cha usasishaji kabla ya kutoa malipo ya mwisho, na siku hiyo hiyo wakabidhiwe nenosiri la msimamizi.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza.