Msimbo bila ufunguo haumsaidii mwenye kifaa

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu ruta (vifaa vya kusambaza intaneti nyumbani) zinazotupwa kwa kukosa masasisho imegusa jambo zito. Nyingi hutumia Linux, mfumo endeshi huria wenye leseni ya GPL toleo la 2 la mwaka 1991, inayomlazimu msambazaji kumpa mteja msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo. Lakini ukirekebisha kasoro na kupakia programu yako, baadhi ya vifaa hukagua saini ya kidijitali, alama inayowekwa kwa ufunguo wa siri; visipoiona ya mtengenezaji, vinagoma kuwaka. Toleo la 3 la GPL, la 2007, liliziba mwanya huo kwa kudai funguo na maelezo ya usakinishaji kwa vifaa vya nyumbani. Linux imebaki na la 2.

Sheria na imlazimu mtengenezaji kuachia ufunguo siku anapositisha masasisho. Wanunuzi nao waombe msimbo mapema, kwa maandishi: ahadi ya kuutoa yaweza kukoma baada ya miaka 3.