Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba chama hakidaiwi na mtu, na ambao hawajalipa ada wanajijua.

Mkutano uliopita uliagiza vikao vyetu vya usomaji vimshughulikie mwalimu mmoja mwaka mzima. Kamati ikamchagua Grégoire Girard, padre Mfransisko wa Fribourg, Uswisi. Wapo walionung'unika: kwa nini si Pestalozzi, yule mwalimu Mswisi maarufu wa wakati wake? Pestalozzi tumemkariri tangu chuo cha ualimu. Girard ndiye aliyekabiliana na darasa tunalolijua sisi, watoto wengi na mwalimu mmoja.

Alizaliwa mwaka 1765, akasimamia shule za msingi za Fribourg kwa karibu miaka 20. Utaratibu wa wanafunzi kufundishana aliuchukua kwa Waingereza Bell na Lancaster, kisha akaurekebisha. Vikao vingi vilikwama hapa, na sijutii. Watoto waligawanywa vikundi vidogo, kila kikundi kikiongozwa na mwenzao aliyewatangulia kidogo. Kiwango kilipimwa somo kwa somo, hivyo aliyekuwa juu katika hesabu aliweza kukaa chini katika kusoma, na kinyume chake. Naye mwalimu hakuachiwa kusinzia mezani. Kufundisha kulibaki kazi yake. Baadhi yenu mlisema huko ni kuwatumikisha watoto bure. Kwa Lancaster nakubali kwa kiasi fulani, kwa Girard sikubali.

Mwaka 1809 mkutano wa majimbo ya Uswisi ulimtuma na wenzake wawili kwenda Yverdon, mji wa Uswisi, kuikagua shule ya Pestalozzi. Girard alisimulia kwamba mwenyeji wao alitaka wanafunzi wasikubali lolote lisilothibitika kama mbili na mbili ni nne. Akamjibu kuwa angekuwa na wana thelathini asingemkabidhi hata mmoja, maana Pestalozzi asingeweza kumthibitishia mtoto kwa njia hiyo kwamba Girard ni baba yake. Kikao chetu cha kusoma kisa hicho kilichelewa kufungwa kwa vicheko. Ripoti ya wakaguzi ilisifu moyo wa Pestalozzi, lakini haikushauri shule yake iwe kielelezo cha nchi.

Girard naye zamu yake ilifika. Askofu Yenny, aliyemuunga mkono mwanzoni, alimgeuka, na mwaka 1823 Baraza Kuu la jimbo likaupiga marufuku utaratibu wake. Akahamia Luzern, akafundisha falsafa. Baadaye alirudi kwao, na mwaka 1844 Akademia ya Ufaransa ikamtunuku kwa kitabu chake kuhusu kufundisha lugha ya mama. Alifariki Fribourg mwaka 1850. Miaka kumi baadaye mji uleule ulimsimamishia sanamu. Wanasiasa hawana haya.

Kwa mwakani kamati inapendekeza Fellenberg, mwalimu mwingine wa Uswisi, na shule yake ya Hofwyl, karibu na Bern, iliyounganisha masomo na kilimo. Kura itapigwa baada ya chai. Waliobaki na nakala za maktaba wazirudishe leo kwa katibu.