Usalama Kwanza, Lakini kwa Bei Gani?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na mama yako amenirudisha mara mbili kwenye ile sehemu unayosema kwamba tarehe 10 Agosti 2027, utakapopiga kura kwa mara ya kwanza, utamchagua anayetanguliza usalama, kwa kuwa uchumi hausimami pasipo amani. Sikukatalii. Mpeketoni, huku kwetu Lamu, iliposhambuliwa Juni 2014 na watu zaidi ya 60 wakauawa, ulikuwa na miaka saba, nami nililala nimeegemeza mgongo mlangoni kwa siku nyingi, ingawa sijui mgongo wangu ungemzuia nani.

Lakini yale mengine ya miaka hiyo hukuyaona, kwa sababu yalikuwa ya usiku nawe ukilala. Jarife hutegwa magharibi na kuvutwa alfajiri, kwani mchana samaki huuona wavu akageuka. Kuvua usiku kulipopigwa marufuku, ili wahalifu wasijichanganye na vyombo vyetu baharini, tulidhani ni jambo la wiki chache, ikapita miaka. Nilijaribu kutega mchana, nikawa narudi na changu wachache wasiofikia hata gharama ya barafu. Mashine ya boti niliiuza kwa nusu ya bei niliyoinunulia, na jarife nikalitundika darini, ambako panya walilimaliza. Majirani wasiovua waliiona hatua ile kuwa ya lazima, na huenda walikuwa na haki, lakini ada ya shule haikudaiwa kwao.

Kwa hiyo mgombea akisema "usalama kwanza", usimpigie makofi kabla hujamuuliza hatua anazokusudia zitamgharimu nani, kwa muda gani, na ni nani atakayekuwa na uwezo wa kuzisimamisha zikishapitwa na wakati. Anayejua kazi yake atajibu. Asiyejua ataanza kukuhesabia maadui.

Wala usidhani nakuvutia upande wa wanaozungumzia bei ya unga peke yake. Hapa Lamu gati ya kwanza ya bandari mpya ilizinduliwa Mei 2021 kwa shangwe kubwa, hali barabara ya Garsen mabasi yameipita kwa miaka mingi katika msafara wenye ulinzi wa askari, na kila saa dereva anayosubiri msafara huo huishia katika bei ya kitunguu sokoni. Mgombea anayeahidi viwanda na ajira bila kueleza lori litapitaje hapo salama hajafikiri hata nusu ya ahadi yake.

Jambo jingine ni kujua unamwomba nani nini. Utapewa karatasi sita, na si zote zina mamlaka sawa. Katiba ya 2010 iliweka ulinzi wa nchi na polisi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Gavana hana hata askari mmoja wa polisi wa kumwamuru. Anayegombea ugavana akikuahidi kuwamaliza al-Shabaab katika msitu wa Boni anauza mali isiyo yake, na mara nyingi hufanya hivyo ili usimuulize habari za soko na zahanati, ambazo ndizo zake hasa. Mbunge naye usimsahau, kwa kuwa bungeni ndiko fedha za ulinzi zinakopitishwa, na ndiko waziri anakoweza kuitwa aeleze kwa nini amri ya dharura haijaondolewa. Mimi mwaka 2017 sikumuuliza mbunge hata neno moja. Nilikuwa na hofu, nikamchagua aliyepaza sauti kuliko wenzake.

Nijulishe umejiandikisha wapi. Ikiwa ni huko Eldoret, wengine wote utakaowachagua, kuanzia gavana na mbunge hadi mwakilishi wadi, watakuwa wa Uasin Gishu, na bahari yetu itabaki katika karatasi moja tu, ile ya rais.

Baba yako