Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mfuko wa Usafiri wa Wagonjwa, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu Mtendaji wa Kijiji, ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama. Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Nawashukuru mliofika. Tupo 27 kati ya wanachama 94, na sidhani kama tungefika 27 bila harufu ya pilau.

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha. Guta letu, ile pikipiki ya miguu mitatu yenye bodi nyuma, limebeba wagonjwa 61, wengi kwenda zahanati, waliobaki kupanda mlima hadi hospitali ya wilaya, Newala. Wawili tuliwakodia gari mpaka hospitali ya Ndanda. Tumebadilisha tairi mbili, klachi na turubai. Godoro ni lile lile. Kamati ilikaa vikao vinne. Mapato 1,146,000, matumizi 1,098,500, salio 47,500. Mhasibu ana daftari.

Sasa nije kwenye lile jambo linalosemwa visimani na kwenye kijiwe cha bodaboda: kwamba mwenyekiti aligeuza guta la wagonjwa kuwa guta la korosho.

Ni kweli guta lilibeba korosho, Oktoba hadi Desemba, kutoka mashambani hadi ghala la chama cha msingi cha wakulima. Lilitupatia 560,000. Ada zenu za mwaka mzima, ndugu zangu, ni 412,000. Ada ni shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwezi; wote mngelipa tungepata 1,128,000, na gunia la mtu lisingegusa lile godoro. Waliolipa miezi yote 12 ni 23. Na huu ndio msimu ambao mnada wa kwanza ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo! Pikipiki mpya zimenunuliwa, jando na unyago vimechezwa mpaka asubuhi, spika za kukodi zimetoka Masasi. Elfu moja ya mafuta ya mgonjwa ndiyo haikuonekana.

Mnasema sikuwauliza. Niliitisha mkutano mara mbili. Akidi ni 48. Mara ya kwanza walikuja 19, mara ya pili 22, na mvua haikunyesha. Kamati ikaamua kwa kura tano, Katibu akapinga. Anayo haki hiyo, na kwenye mukhtasari imeandikwa.

Kuhusu usiku ule wa Desemba. Mama wa kitongoji cha chini alishikwa uchungu na guta lilikuwa ghalani, kwenye foleni na magunia. Wakwe zake walipanda hadi kwenye mwembe wenye mtandao wakapiga 115, namba ya kuita gari la dharura la wajawazito. Walipokelewa vizuri, dereva akapangwa, ila gari likakwama ng'ambo ya korongo maana maji yalikuwa yamejaa. Nami nasema hata guta lisingevuka. Nimejibiwa kwamba bodaboda ilivuka kwa juu, mama kapakatwa katikati na wifi yake nyuma, na hilo siwezi kulikana. Alijifungulia zahanati. Mtoto sasa anakaa mwenyewe, nimemwona juzi. Lakini nilikwenda kwa mumewe kuomba radhi kwa miguu yangu, jambo ambalo wasemaji wa kisimani hawalisemi.

Wapo wanaohoji mfuko wa nini, wakati 115 ni bure. Hiyo 115 ni ya mjamzito, mzazi aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga. Mzee aliyepooza upande mmoja saa nane usiku hayumo. Aliyeumwa na nyoka shambani hayumo, wala mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege la malaria. Wengine wanasema wana bima ya CHF, ule Mfuko wa Afya ya Jamii. Vizuri, 30,000 kwa watu sita ni jambo la maana, ila bima inakungoja dirishani hospitali. Bodaboda ya kukupandisha Newala usiku ni 25,000, na dereva hapokei kadi.

Wagonjwa wengi hawacheleweshwi na daktari, wanacheleweshwa na nauli. Watu wanakaa siku mbili wakisema "tumwangalie kwanza", kumbe wanatafuta hela. Wakiipata, giza limeingia na bei imepanda. Tuliozaliwa zamani tuliwabeba watu kwa kitanda cha kamba kupanda ule mlima, vijana wanane wakipokezana. Mimi nilikuwa mmoja wao. Leo ukiwaita vijana wanane, kila mmoja anauliza posho.

Tairi moja kati ya zile mbili, shilingi 85,000, niliinunua kwa fedha yangu. Sizidai. Naomba tu iandikwe.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kutafuta wafadhili, kuzungumza na halmashauri kuhusu kalavati la korongo, na ikiwezekana kupata guta la pili, moja la korosho na moja la wagonjwa. Lami ya Mnivata hadi Masasi inajengwa huko juu. Kufika kwetu bondeni ni suala la kuendelea kukumbushia. Kamati inapendekeza pia ada ikatwe msimu wa mauzo, kwa mkupuo, 12,000. Tulijadili, hatukumaliza.

Kwa usalama, kuanzia sasa guta litalala kwangu na ufunguo utakaa kwa Katibu, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Risiti zote za mafuta nimeziweka hapa mezani chini ya jiwe. Anayetaka kuzikagua aje sasa, kabla chakula hakijapakuliwa.

Mwenyekiti